Viroba Nyuma ya Paneli

Ephraimu Akyoo akifika kwenye jengo geni, hata kama ameitwa chai tu, huzunguka kwanza nyuma. Huinama akatazama ukingo wa chini wa ukuta, pale paneli zinapoishia na maji yanapotakiwa kutokea, akapitisha kidole na kukinusa. Mkewe, Irine, alishachoka kuona aibu. Siku hizi humwacha anusenuse kuta za watu, yeye akaingia ndani kusalimia.

Ana miaka arobaini na saba. Kwao ni juu ya Kikatiti, kwenye mteremko wa Meru, ana kahawa kidogo na migomba ambayo kwa kweli inamjua Irine kuliko inavyomjua yeye. Maisha yake yamepita juu ya majukwaa ya mafundi. Alianzia Kijenge, kwenye karakana ya madirisha ya aluminiamu, na mtindo wa kuvisha majengo paneli ulipoingia Arusha ulimkuta pale na drili mkononi. Kila mwenye ghorofa lililochakaa alitaka livishwe. Ufa hauzibwi, unafunikwa. Ukuta unavuja, na badala ya kutibiwa unabandikiwa paneli nzuri ya kijivu au ya bluu, jina linawekwa kwa herufi za taa, na wapita njia wanasema mji unakua.

Ephraimu alijua mji unakuza nini. Mwaka mmoja aliitwa kubadilisha paneli kwenye jengo la maduka katikati ya mji. Alipofungua ya kwanza, kilimporomokea kifuani kitu chenye manyoya: panya, wengi, wamekauka wakiwa wameshikana mikia. Nyuma yao ukuta ulikuwa mweusi kwa kuvu, unateleza kama ulimi wa ng'ombe, na kwenye kona mafundi waliotangulia walikuwa wameacha chupa nane za mkojo wao, wamezifunga vizuri kwa vifuniko. Upande wa pili wa ukuta huohuo kulikuwa na duka la nguo za watoto. Alitapika palepale juu ya jukwaa. Tangu siku hiyo akawa mtu mgumu kufanya naye kazi, kwa sababu hakubali kufunga paneli kabla hajaridhika na kilicho nyuma yake.

Na kinachotakiwa nyuma si kingi. Paneli haizuii maji yote. Mvua ya upepo itapenya kwenye maungio, utake usitake. Kwa hiyo ukuta unavishwa kwanza karatasi nyeusi ya kuzuia maji. Juu ya karatasi inakaa sufi ya mawe, inayotunza joto na haioti wala haiozi. Kisha inaachwa nafasi ya vidole vitatu, tupu kabisa, ili maji yaliyopenya yatiririke hadi chini na kutoka kwenye matundu, na upepo upite nyuma yake ukikausha. Ile nafasi tupu ndiyo kazi yenyewe. Mwenye jengo haioni, ndiyo maana huwa ya kwanza kuibwa.

Usharika wao ulipoamua kujenga wodi ya wazazi, Ephraimu alidhani hatimaye atafanya kazi moja safi. Jengo lilikuwa la ghorofa, mlimani juu ya Usa River, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu hushuka na kukaa hadi saa tano asubuhi, na mama aliyejifungua anatetemeka chini ya mablanketi matatu. Sufi ilikuwemo kwenye mchoro. Aliyeiondoa ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Mzee Elinami, ofisa elimu mstaafu ambaye hakuna kikao alichowahi kukaa bila kuwa mwenyekiti wake. Alisema fedha ile iongeze paneli za bluu upande wa mbele, na msalaba wa aluminiamu wenye kimo cha watu wawili. Sufi nani ataiona?

Ili watoto wasipate baridi, akawa na wazo lake. Likasomwa kanisani kwenye matangazo: kila kaya ilete kiroba cha maganda ya kahawa yaliyokaushwa juani, yajazwe ndani ya kuta. Maganda wanayo. Kila msimu, kahawa ikishamenywa, yanarundikana kando ya mtaro hadi mtu hajui pa kuyapeleka. Wazo lilipendwa sana, kwa kuwa halikutoka dukani wala kwa wazungu. Mama mmoja alipiga vigelegele.

Baada ya ibada Ephraimu alimfuata mzee, akamwamkia, akamweleza kwa adabu kwamba ganda la kahawa hata likikauka lina utamu ndani yake, linanywa maji, linachacha, na likijazwa kwenye ile nafasi tupu maji hayatapata pa kutokea. Mzee Elinami alimsikiliza akitabasamu, halafu akapaza sauti ili waliosimama karibu wasikie.

"Fundi, bibi yako alijifungulia wapi? Si nyumba ya majani ya migomba, juu mpaka chini? Au ninyi akina Akyoo mlizaliwa kwenye sufi?"

Watu walicheka, na Ephraimu naye akacheka. Huko kucheka ndiko kunakomchoma hadi leo. Jibu alikuwa nalo mdomoni: nyumba ya bibi yake ilikuwa na moto katikati, moshi ulikausha yale majani mwaka mzima, na yalipochakaa yalibadilishwa, hakuna aliyeyafungia ndani ya aluminiamu. Alilimeza, kwa sababu mzee huyo ndiye aliyesimamia ndoa yake, na mtu hambishii msimamizi wake mbele ya kanisa. Heshima ya namna hiyo imeshaua watu wengi kuliko malaria, na hakuna anayeitilia dawa.

Jumapili ya mavuno viroba zaidi ya mia vilipangwa mbele ya madhabahu, pamoja na mikungu ya ndizi, maboga, na kuku waliofungwa miguu. Ndizi na kuku zilipigwa mnada nje kama kawaida, jogoo mmoja akinunuliwa na kurudishwa mnadani mara tatu. Viroba havikunadiwa. Mchungaji alivipitia akiviwekea mikono, akaviombea, akawaombea watoto watakaolala wakiegemea jasho la wazazi wao. Baada ya hapo mambo yakawa yamekwisha. Kwenye usharika ule, kitu kilichofika madhabahuni kikaombewa hakirudi nyumbani na hakikataliwi. Mwenyekiti unaweza kumvizia kwenye mkutano mkuu ukampinga. Sala utaipinga wapi?

Ephraimu ndiye aliyevijaza. Hilo lazima lisemwe, kwa kuwa yeye mwenyewe hulisema kwanza. Mwezi wa kumi na moja alivishindilia kimoja kimoja kati ya karatasi nyeusi na paneli, vingine akivisukuma kwa goti ili vienee, akakaza skrubu juu yake. Kwa mbele jengo liling'aa hadi likaonekana kutoka barabara kuu. Watu walisimama kulipiga picha.

Masika yalikuja na upepo wa mlimani, mvua ikipiga ukuta wa nyuma kwa ubavu wiki tatu mfululizo. Wa kwanza kusikia harufu alikuwa Prisca, muuguzi mfawidhi wa zahanati ya zamani, alipoingia kuhesabu vitanda vipya. Ilikuwa harufu ya pombe ya ndizi iliyosahaulika chunguni. Aliieleza kamati, na kamati, badala ya kunusa ukuta, ikanusa mlinzi. Lemburis alikuwa Mwarusha, mgeni kidogo pale, anakaa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya jengo. Nani mwingine angepika pombe kwenye kiwanja cha kanisa? Wazee wawili waliingia wakapekua hadi chini ya kitanda. Walikuta redio, gunia la mkaa na kibuyu cha maziwa mgando. Mmoja alionja maziwa ili kuwa na uhakika.

Lemburis aliwatazama hadi walipomaliza. "Mimi nimeokoka tangu mwaka wa tisini na nane," alisema. "Pombe yenu iko ukutani. Mmeipika wenyewe, mkaiombea."

Kisha akamchukua Prisca hadi nyuma. Matundu ya chini ya paneli yalikuwa yanatoa ute wa rangi ya chai, unanata, unashuka polepole kwenye msingi na kutengeneza dimbwi lililojaa nzi wadogo. Kwenye kizingiti cha dirisha funza weupe walikuwa wakijiviringisha wakitafuta njia ya kuingia wodini. Wengine walikuwa wameshaipata.

Ephraimu alipoitwa hakuhitaji kuinama. Akiwa bado hatua tano, harufu ilimfikia. Hata hivyo aliinama, akapitisha kidole, akakinusa, kama mtu anayejipa adhabu.

Kamati ilikaa siku ya pili yake kwenye chumba cha watoto wa Sunday school, watu wazima wamejikunja kwenye viti vidogo. Askofu alikuwa anakuja baada ya wiki mbili kuweka jengo wakfu, na Jumatatu itakayofuata akina mama walitakiwa kuhamia. Hakuna aliyeuliza kama wahamie. Walijadili sabuni yenye manukato ya kuoshea sakafu. Walijadili dawa ya kupuliza, ya limau au ya waridi, na hapo walitumia nusu saa. Mwishowe Mzee Elinami akatoa uamuzi: fundi azibe matundu yote ya chini kwa silikoni ya rangi ya paneli, ili siku ya wakfu kusidondoke kitu.

Ephraimu aliwaeleza kwamba yale matundu ndiyo pumzi pekee iliyobaki. Ukiyaziba, maji yatapanda, yatapita kwenye kila tundu la msumari kwenye karatasi nyeusi, yataingia kwenye tofali. Mwezi mmoja tu kuvu itatokea ndani, kwenye soketi za umeme, juu ya vichwa vya vitanda, na kichanga wa siku moja ataivuta. Mchungaji, mtu mwema asiyependa kugombana na mtu yeyote, alikuwa ameinamisha uso. Alisema yeye aliviwekea mikono vile viroba mbele ya watu mia nne. Sasa asimame mimbarani aseme aliombea uchafu?

"Hukuombea uchafu, Mchungaji," Ephraimu alimjibu. "Uliombea maganda. Uchafu tumeutengeneza sisi kwa kuyafungia."

"Kazi ya fundi ni kufunga," alisema Mzee Elinami. "Umeanza lini kufungua?"

Wawili watatu walicheka. Safari hii Ephraimu hakucheka, na kicheko chao kikafa haraka. Mwenyekiti akamalizia kwamba silikoni iwe imewekwa ifikapo Jumamosi kabla ya wakfu, la sivyo mafundi wapo tele Usa River, na kubana bomba la silikoni hakuhitaji mtu mwenye maono.

Nyumbani alimweleza Irine yote. Irine alikuwa na hofu zake na hakuzificha: binti yao alikuwa darasa la kipaimara kwa mchungaji huyohuyo, na kwenye usharika kama ule familia inaweza kunyamaziwa hadi ikaacha kusali. Alizungumza hivyo muda mrefu akimenya ndizi. Halafu akauliza kama na kiroba chao kimeoza.

"Vyote vimeoza."

"Mimi nilikibeba kichwani kutoka hapa mpaka madhabahuni. Nilikuwa naimba." Alitupa ganda la ndizi kwenye ndoo kwa nguvu isiyohitajika. "Kitoe. Sitaki kitu changu kimlaze mtoto wa mtu kwenye funza."

Jumamosi ya kuamkia wakfu usharika mzima ulikuja kufanya usafi. Akina mama walipiga deki, vijana walifyeka nyasi, kwaya ilikuwa ghorofani inafanya mazoezi. Saa tatu asubuhi Ephraimu alisimamisha jukwaa nyuma, upande wa mlimani. Mzee Elinami alimwona akipita, akampungia mkono kwa kuridhika, akidhani ni silikoni. Ephraimu akatoa bisibisi ya umeme akaanza kufungua paneli ya chini ya kona.

Ilikuwa bado na skrubu mbili ilipojisukuma yenyewe. Kilichokuwa ndani kilikuwa kimevimba. Kilitoka na sauti kama ya mtu anayejamba majini, kikamwagika kwenye buti zake hadi magotini: viroba vilivyopasuka, uji mweusi wenye mvuke, ndevu nyeupe za kuvu ndefu kama kidole, na panya jike aliyekimbia akiacha watoto wake wa rangi ya nyama mbichi wakifurukuta kwenye maganda. Harufu ilifika ghorofani. Wimbo wa kwaya ukakatika katikati ya ubeti. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo aliiweka chini taratibu, akaenda ukingoni mwa nyasi kutapika, na mwingine akamfuata.

Ephraimu akapanda jukwaani, akafungua ya pili. Akafungua ya tatu.

Mzee Elinami alikuja mbio na suti aliyoivaa kwa mazoezi ya kumpokea askofu, kitambaa puani. Alisema ameaibishwa. Alisema miaka kumi na minne ya kuitumikia kamati, na fundi mmoja mwenye kiburi anaimwagia kinyesi.

"Mwenyekiti, ondoa kitambaa," Ephraimu alisema kutoka juu ya jukwaa. "Ondoa, unuse vizuri. Ukimaliza niambie kitanda cha kwanza tukiweke wapi."

"Wewe ndiye uliyeyaweka!"

"Ni mimi. Nilijua, nikayaweka, kwa sababu uliwachekesha watu." Aliweka bisibisi kwenye skrubu nyingine. "Ninyi hamkujua. Mimi nilijua. Kwa hiyo mimi ndiye mchafu zaidi hapa, na ndiyo maana natoa."

Watu walikuwa wamejikusanya, wameziba pua kwa kanga na kwa mikono ya mashati. Katikati yao akapita Bibi Elieshi, mwenye miaka themanini na kitu, ambaye hata mchungaji humsalimia akiwa amevua kofia. Alikuwa amekiona kiroba chake. Alikishona mdomo kwa uzi mwekundu, na uzi ulikuwa bado mwekundu. Alikigeuza kwa ncha ya fimbo. Kilikuwa kinatembea kwa funza.

Hakupaza sauti. Aliuliza ni nani aliyesema maganda yafungiwe pasipo hewa, na macho yote yakamwendea mwenyekiti. Kisha akasema, "Kilichoombewa hatukitupi, sawa. Kipelekeni migombani kikaoze mahali pa kuoza. Au mlidhani Mungu anakaa kwenye bati tu?"

Akina mama walianza kubeba. Si wote. Karibu nusu ya watu walirudi upande wa mbele, wakaendelea kupanga viti na kufunga maputo chini ya msalaba kana kwamba nyuma hakuna jengo. Wazee wa kamati wote walikuwa miongoni mwao. Lemburis aliazima toroli akafanya kazi, akipita mara kwa mara karibu na wale wazee wawili waliopekua kitanda chake, karibu kuliko ilivyohitajika. Hadi jua kutua, upande wa mlimani ulikuwa uchi: karatasi nyeusi iliyochanika, na chini yake tofali lenye madoa ya kijani.

Jumapili, kabla ya magari kufika, kamati ilining'iniza turubai la bluu kufunika ule upande, kisha ikaelekeza msafara wote mbele. Askofu alikata utepe. Alisifu paneli. Alisema nyumba ya Mungu na watoto wake inastahili kupendeza. Watu wakapiga makofi, na wale waliobeba uozo jana wakapiga pia; labda hilo ndilo lililomchafua Ephraimu moyo kuliko panya wote aliowahi kuwaona. Yeye hakuwa kwenye viti. Alikuwa nyuma ya turubai, na ndoo ya klorini na brashi ya waya, anakwangua kuvu siku ya Bwana, huku machozi ya dawa yakimtoka. Kila alipokwangua, weusi ulitoka kama masizi yaliyolowa, na chini yake ulikuwapo weusi mwingine.

Ghafla, katikati ya maneno ya askofu, kwaya ililipuka kuimba. Muda si mrefu turubai likafunuliwa akaingia Prisca, na sare yake nyeupe.

"Kuna nini huko?" Ephraimu alimuuliza.

"Askofu kaniuliza akina mama wanahamia lini. Nikamwambia ukuta ukikauka. Akauliza ukuta upi." Prisca alivua saa akaitia mfukoni. "Mwenyekiti akaanzisha wimbo."

"Askofu akafanyaje?"

"Akaimba."

Alikwenda ukutani akaweka viganja vyote viwili kwenye tofali, akaviacha hapo kama anavyopima homa ya mtoto. Ulikuwa baridi, na maji yalitokeza kati ya vidole vyake. Alisema mwenyekiti amemwagiza kesho saa mbili awe ameshawahamisha wazazi sita na vichanga vyao, kwa kuwa mpiga picha amelipwa siku mbili. Alisema hatawaleta. Wamfukuze, wamhamishe, wamwandikie barua. Funguo za wodi anazo yeye, na mtoto hatalala humu hadi yeye mwenyewe aweke kiganja kwenye kila ukuta na kiganja kitoke kikavu.

Ephraimu alimwonyesha kwa brashi pande tatu zilizobaki. Bado paneli thelathini na nane, zote zimeshiba. Alimwambia zitachukua wiki nzima, na ukuta utahitaji kiangazi chote kukauka, na sufi haipo, na hajui itatoka wapi.

"Unaanza na upande upi?" Prisca aliuliza.

Upande wa mbele walikuwa wanapanga foleni ya kupiga picha na askofu.

"Zile za bluu," Ephraimu alisema. "Chini ya msalaba. Kesho, wakiwa wamekuja na kamera."